Vyombo Vilivyojificha
Sehemu ya Tisa: Shangazi Akohoa

Katika mtaa wetu hakuna anayeijua kompyuta kunizidi mimi. Nimeiona mara mbili kwa macho yangu haya, na mara moja kati ya hizo ilikuwa imezimwa.

Lakini ninyi mnaonisubiri kila wiki hamkuja kuulizia elimu yangu. Mmekuja kujua kama Umeme amenusurika au ndiyo basi tena. Haya, vuteni viti.

Tulimwacha kijana wetu ameketi chumba cha kurasa, kidole kimeganda juu ya kitufe, na kioo cha kompyuta mbele yake kimebaki kitupu kama sinia iliyolambwa. Vile vyombo vyote vya kupangia kurasa vilivyokuwa vimejipanga pembeni, mshale, kalamu, mkasi, fremu, vyote vimetoweka kwa mpigo mmoja. Na mlangoni amesimama Mzee Wino, mwenye kiwanda cha kuchapa, baba wa msichana ambaye Umeme anataka kumwoa.

"Vyombo viko wapi?" Mzee Wino akauliza.

Umeme akakiondoa kidole. "Nimeviweka ndani, mzee."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya mashine. Vikikaa nje vinaingia vumbi."

Nyuma ya Mzee Wino alikuwepo Bwana Karatasi, muuza karatasi, aliyefiwa na mkewe, mwenye gari jeupe na kijiti cha meno kisichotoka mdomoni. Naye anamtaka msichana huyohuyo. Aliposikia habari za vumbi akatabasamu, akajua leo mwenzake amekwisha.

Mzee Wino akatikisa kichwa polepole.

"Umefanya vizuri," akasema. "Enzi zetu za herufi za risasi, zile tulizozipanga kwa mkono moja moja, mimi nikimaliza kazi nilikuwa nafunika kila kitu kwa kitambaa. Vijana wa siku hizi wanaacha vyombo vyao ovyo."

Kijiti kikamdondoka Bwana Karatasi.

Sasa, kwa aliyeazima gazeti hili kwa jirani, nitamweleza haraka kabla jirani hajalidai.

Mzee Wino ameapa kwamba atakayemwoa Kitinda, binti yake wa mwisho, ndiye atakayekabidhiwa chumba cha kurasa, na chumba hicho hakitolewi kwa mtu asiyejua vyombo vyake. Umeme alipokuja kuomba kazi alisema ametoka kiwanda kikubwa kinachochapa vitabu vya shule, na kwamba huko walimpa jina hilo kwa wepesi wa mikono. Lakini siku ya kwanza alihangaika kutafuta pa kuwashia kompyuta mpaka akaingia chini ya meza. Kitinda, ambaye kazi yake ni kupokea simu kwenye meza ya pembeni, alimwona. Ilimpasa akamwambie baba yake. Badala yake akaitazama shingo ya yule kijana ilivyoinama kwa aibu, akainuka, akamwashia.

Mambo ya shingo hayo. Siwezi kuyaeleza zaidi, gazeti hili linasomwa na watoto.

Kitinda naye hakuwa fundi. Alikuwa binti wa simu. Ila siku moja alikuwa ameshika kipanya, simu ikalia, akaipokea, na kidole akakisahau kimebonyeza juu ya kipicha cha kalamu. Mteja alikuwa mtu wa maneno mengi. Kitinda alipogeuka, chini ya ile kalamu vilikuwa vimechungulia vikalamu vingine, vimepangana kama vifaranga chini ya mama yao, na kila kimoja kina jina lake.

Akabonyeza fremu na kushikilia. Zikatoka fremu nyingine. Kumbe kila chombo chenye kialama kidogo cha pembetatu kwenye kona kimewaficha ndugu zake mgongoni, na ukikibana tu bila kukiachia, wanajitokeza wenyewe. Tena pembeni mwa baadhi yao kuna herufi, na herufi hiyo ukiigusa kwenye kibodi, chombo kinakuja mbio bila kufuatwa na kipanya. T ni chombo cha maandishi. F ni fremu, kile kisanduku cha kuwekea picha. W inaficha mistari yote ya kupimia, ukurasa unatakata kama utakavyotoka mtamboni.

Kitinda akawa anamfundisha Umeme kila wakifunga kazi, bega kwa bega. Umeme alikuwa na kichwa kigumu kupita kiasi. Herufi T peke yake ilimchukua wiki nzima. Kitinda hakulalamika. Somo refu nalo lina utamu wake.

Mzee Wino alipotangaza mtihani wa posa, wakapanga ishara. Kitinda ataingia na chai. Akikohoa mara moja, Umeme abonyeze T. Akikohoa mara mbili, F. Akipiga chafya, W. Na kijiko kikianguka kwenye sinia, basi ni kile kitufe cha pembeni kushoto kinachoficha vyombo vyote na kuvirudisha. Umeme asitazame kitu. Asikilize tu.

Mmeshika? Turudi chumbani, wale watu wamesimama muda mrefu.

"Haya, vitoe," Bwana Karatasi akasema. "Tuvione hivyo vyombo visivyo na vumbi."

Umeme akautazama mlango. Mlango nao ukamtazama. Kijasho chembamba kikaanza safari kutoka sikioni kwenda kwenye kola.

Kijiko kikalia kwenye sinia.

"Samahani baba," Kitinda akasema akiingia na kugawa chai. "Mkono umeteleza."

Umeme akagusa kitufe. Vyombo vyote vikarudi mahali pake, vimenyooka kama wanafunzi waliosikia hatua za mwalimu.

"Umeona?" Mzee Wino akamwambia mgeni wake. "Ameviita vimekuja."

"Nimeona kijiko kimeanguka," Bwana Karatasi akajibu.

Mzee Wino hakumsikia. Alikuwa ameshavuta kiti. "Kijana, kuna kijitabu cha mkutano mkuu wa chama cha washona viatu. Nipangie jalada. Juu kichwa cha habari, katikati picha ya mwenyekiti, ukurasa uwe safi. Mwenyekiti mwenyewe anakuja kuliona leo, na yule mtu hana subira. Anza."

Kitinda akakohoa mara moja.

Umeme akapiga T, akaandika kichwa cha habari kwa herufi nene. Mzee Wino akaitikia kwa kichwa kila neno, kama anayesikiliza mahubiri. Kitinda akakohoa mara mbili. Umeme akatoka kwanza kwenye maandishi kama alivyofundishwa, maana ukibaki humo herufi inaandikwa tu kama herufi. Halafu akapiga F, akachora fremu ya picha.

Mambo yakawa yanakwenda vizuri. Mimi nikiona mambo yanakwenda vizuri nafungua mlango.

Akaingia shangazi.

Shangazi huyu ni dada mkubwa wa Mzee Wino, na katika familia ile haolewi mtu wala haachwi mtu bila yeye kuketi na kusikiliza. Siku hiyo alikuwa ameambiwa abaki kitandani kwa sababu ya kifua. Amekuja amejifunga shali mbili na soksi za mume wake.

"Shikamoo dada," Mzee Wino akasema, akaruka kumpisha kiti.

"Marahaba. Nani ameanza bila mimi?"

"Hatujaanza, dada. Kijana anaonyesha kazi kwanza."

"Posa ya siku hizi bwana," shangazi akasema, akaketi. "Zamani mtu alikuwa anaonyesha adabu."

Halafu akakohoa.

Kitinda akafumba macho. Kikohozi cha shangazi hakikuwa mara moja wala mara mbili. Kilikuwa kama gari bovu linalokataa kuwaka asubuhi: kinashika, kinakatika, kinashika tena.

Mkono wa kushoto wa Umeme ukaingia wazimu. T. F. Akachora fremu. T. F. Akachora nyingine. Picha ya mwenyekiti aliyokuwa ameshaiita kutoka ndani ya mashine ikakosa pa kwenda, akaibwaga kwenye fremu iliyokuwa karibu, ndogo kama stempu. F tena. Fremu juu ya fremu, kila moja na alama ya kukatwa katikati, mpaka ukurasa ukafanana na nyumba iliyopigiliwa mbao madirisha yote.

Kitinda akamtikisia kichwa. Lakini kijana alikuwa ameambiwa asitazame, asikilize, na kusikiliza alikuwa anasikiliza.

"Shangazi, kunywa chai," Kitinda akasema. "Itakupoza."

"Ina sukari?"

"Ina."

"Sukari inanichokoza kifua," shangazi akasema, na kwa kuitaja tu kikamchokoza. Fremu nyingine zikazaliwa.

Mzee Wino akasogeza uso kwenye kioo. "Kijana. Haya yote ni ya nini?"

"Ni msingi, mzee," Umeme akasema. "Lazima tuweke msingi kwanza."

"Mbona msingi umefika paani?" Bwana Karatasi akauliza.

Bahati ikamwokoa Umeme. Pua ya shangazi ilianza kucheza. Akainua uso juu, akafungua mdomo, watu wote wakashika vikombe vyao, akapiga chafya iliyofungua shali moja.

W.

Fremu zote zikatoweka. Mistari yote ikatoweka. Ukabaki ukurasa mweupe safi, kichwa cha habari kimekaa juu kama mfalme, na hakuna hata doa. Maana, kama nilivyoelezwa na mjukuu wangu na nikajifanya nilikuwa najua, fremu isiyo na kitu ndani haionekani ukurasa ukitakaswa.

Mzee Wino akasimama.

"Nimekaa kwenye wino tangu ujana," akasema. "Sijaona mtu anayejenga fujo namna ile kisha anaifuta kwa chafya moja ya dada yangu. Kijana, nipe mkono."

Umeme akampa. Kitinda akaanza kutabasamu.

"Ila," Mzee Wino akasema, bado ameushika ule mkono, "hiki cha katikati ni nini?"

Wote wakainama.

"Ni sikio," shangazi akasema.

"La nani?"

"La mwenyekiti," Umeme akasema.

"Na mengine yake yako wapi?"

"Yako ndani, mzee."

"Kwa sababu ya vumbi," Bwana Karatasi akasaidia.

Hapo ndipo muuza karatasi alipofanya jambo ambalo mimi mwenyewe sikumdhania. Akasogea mpaka nyuma ya kiti cha Umeme, akaweka ngumi mdomoni, akakohoa. Mara moja tu, kistaarabu.

Kidole cha Umeme kikaruka. T.

Bwana Karatasi akakohoa mara mbili. F.

Akavuta pumzi, akatoa chafya ya uongo ambayo hata mtoto wa chekechea angeikataa. Zile fremu zote zikarudi kwenye ukurasa kwa pamoja, madirisha na mbao zake.

"Mzee Wino," akasema, "huyu si fundi. Huyu ni redio. Shangazi ndiye stesheni."

"Mimi ndiye nini?" shangazi akauliza.

Mzee Wino akauachia mkono wa Umeme. "Kijana, hebu nieleze."

"Ni mazoea ya kazi, mzee. Kule kiwanda kikubwa karatasi zilikuwa zinatoa unga, tulikuwa tunakohoa wote. Mkono umezoea kufuata kifua."

Na msidhani mzee hakutaka kuamini. Alitaka. Aliitazama dari kama anayepima kama uongo ule unaweza kupita mlangoni ukikunjwa vizuri. Angeupitisha, naapa, kama Kitinda asingeweka sinia chini.

"Baba, ni mimi niliyekuwa nakohoa."

"Na wewe unaumwa?"

"Siumwi, baba. Nilikuwa namwambia cha kubonyeza. Mimi ndiye ninayejua vyombo. Kurasa zote tangu aje hapa nimezipanga mimi."

"Zote?"

"Zote."

"Na ile kalenda niliyomsifia mbele ya mafundi wa mtamboni?"

"Na ile."

"Nilimpa koti langu kwa ajili ya ile kalenda."

"Linamkaa vizuri, baba."

Umeme akalitazama koti alilovaa, akaanza kulivua, akaona haifai, akalivaa tena.

"Wewe ulijifunzia wapi?" Mzee Wino akamuuliza binti yake. "Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilibana chombo, wenzake wakatoka."

"Mimi nimekuja kusikiliza posa," shangazi akasema, "naambiwa chombo kimebanwa. Mdogo wangu, hebu nijulishe. Hapa anaolewa nani na nani?"

Mzee Wino akaketi. Akachezea kifungo cha shati. Bwana Karatasi alijipangusa koti, akasogea karibu na shangazi, akamwekea mto mgongoni. Mtu yule alijua nafasi inapofunguka.

"Sikilizeni," Mzee Wino akasema mwishowe. "Nilisema chumba hiki ni cha anayejua vyombo vyake. Sikusema awe mwanaume, ingawa ndivyo nilivyodhani. Kitinda, kaa kwenye kiti. Mwenyekiti wa washona viatu akiingia hapa, akute uso wake, asikute sikio. Ukiweza, chumba ni chako, na mume utachagua mwenyewe, hata ukimtaka huyu wa vumbi. Usipoweza, mmenichezea wote wawili. Huyu atatoka, koti langu alibakize, na Bwana Karatasi nitampa jibu lake leo hii."

"Nakubali," Bwana Karatasi akasema.

"Hujaulizwa," shangazi akamwambia, lakini mto aliubakiza.

Umeme akainuka. Kitinda akaketi. Kiti kilikuwa cha moto.

Akaanza vizuri. Akapiga herufi ya mshale, akakamata fremu tupu, akafuta. Akakamata nyingine, akafuta. Mzee Wino akamtazama binti yake kama mtu aliyekuta chumba kipya ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mbao zikaisha dirishani, vikabaki kichwa cha habari na sikio.

Akavuta kona ya fremu ya picha. Fremu ikatanuka. Likaonekana sikio lote na shavu kidogo.

"Anakuja," Mzee Wino akanong'ona.

Akaivuta picha yenyewe kushoto. Sikio likaondoka, likaja tundu moja la pua, kubwa kama mlango wa ghala.

Na hapa nitatoboa siri ya Kitinda. Kuingiza picha kubwa kwenye fremu ndogo ndiyo kazi iliyomshinda tangu mwanzo. Alikuwa anaifanya kwa kuvuta: kidogo hapa, kidogo pale, apunguze, achungulie, aongeze, mpaka chai inapoa na simu inalia bila mtu. Ingechukua mchana mzima. Siku za kawaida mchana mzima alikuwa nao.

Nje ikasikika sauti nene ikiuliza ni wapi hapa pa kupangusia viatu.

"Mwenyekiti," Mzee Wino akasema.

Kitinda akavuta tena. Pua ikapita. Ikaja tai. Akavuta juu. Likaja paji la uso, limekatika. Akavuta chini kwa haraka, picha ikateleza, ikabaki tai peke yake katikati ya ukurasa mweupe.

"Ni tai nzuri," Bwana Karatasi akasema kwa upole, akafunga vifungo vya koti.

Kitinda akauma mdomo. Chozi likaangukia juu ya kibodi, katikati ya G na H, naye akalifuta kwa kidole gumba ili baba yake asilione.

Baba yake hakuliona. Aliyeliona alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

Mkono wa kushoto wa Umeme ukapita juu ya bega la Kitinda. Vidole vitatu vikaketi kwenye kona ya chini ya kibodi, kila kimoja kwenye kitufe chake, bila kuulizia njia. Kidole cha nne kikaruka juu ya C, kikagusa, kikarudi.

Mwenyekiti wa chama cha washona viatu akatokea kwenye fremu yake. Uso mzima, masikio yote mawili, pua ya kiasi, tai mahali pa tai. Amejaa fremu kila upande, hakuzidi wala hakupungua, kama mtu aliyekuwa anasubiri nyuma ya pazia aitwe jina.

Mzee Wino akapiga makofi. Akambusu binti yake utosini, akambusu dada yake, nusura ambusu na Bwana Karatasi, ila Bwana Karatasi alikuwa ameshafika mlangoni. Gari jeupe likasikika likiwaka. Shangazi akasema mto ule lakini ulikuwa mzuri.

"Chumba chako, mwanangu," Mzee Wino akasema. "Na huyu umchukue, nimekubali. Dada, njoo tumpokee mwenyekiti." Wakatoka wameshikana mikono, mmoja anacheka, mmoja anakohoa.

Wakabaki wawili.

Umeme alikuwa anacheka peke yake. Kitinda hakuwa anacheka. Hakuwa hata amegeuka. Alikuwa anautazama ule mkono, ambao ulikuwa bado umeegemea kona ya kibodi, umestarehe kama mtu aliye nyumbani kwake.

"Hiyo umeitoa wapi?" akauliza.

"Ipi?"

"Hiyo ya vidole vinne."

Mkono ukaondoka kwenye kibodi. "Nimebahatisha."

"Umebahatisha."

"Nilitaka kukushika bega, nikateleza."

"Ukateleza kwa vidole vinne, mahali panne, kwa wakati mmoja."

"Mambo ya bahati hayo, mpenzi."

Kitinda akashika kipanya. Akaivuta picha ya mwenyekiti pembeni, polepole, mpaka likabaki sikio. Akavua kitambaa cha kichwani, akakitandaza juu ya kibodi, kikafunika vitufe vyote mpaka cha mwisho.

"Teleza tena."

"Kitinda."

"Teleza, nione."

Umeme akautazama mlango. Sauti ya mwenyekiti ilikuwa inakaribia, inasifia sakafu. Akalitazama sikio. Akamtazama msichana. Kisha akaingiza mkono chini ya kitambaa, na macho yake hayakushuka kutafuta kitu, yalibaki palepale kwenye uso wa Kitinda.

Mwenyekiti akarudi, mzima, masikio mawili.

"Hiyo sikukufundisha," Kitinda akasema.

"Hukunifundisha."

"Mimi mwenyewe siijui."

"Najua kwamba huijui."

Alipokwisha kusema hivyo, akasikia alichosema. Shingo ikaanza kuinama, lakini safari hii haikumsaidia.

"Na kukohoa kwa shangazi," Kitinda akasema, "ulipokuwa unachora madirisha. Ulikuwa unajua kwamba si mimi."

"Nilijua."

"Ukaendelea."

"Ningeacha, ungejua kwamba najua."

"Ukakubali nitolewe kwa yule mtu wa kijiti?"

"Nisingekubali. Si umeona sikukubali? Kitinda, sikiliza. Nilipofika hapa ile siku, ningesema najua kazi, wewe ungebaki kwenye meza yako ya simu na mimi kwenye meza yangu. Tungesalimiana asubuhi na jioni, basi. Nikasema, ngoja nisijue siku moja. Ukaja. Nikasema, ngoja nisijue na kesho."

Kitinda akakunja kitambaa chake, pembe kwa pembe, akakifunga kichwani.

"Kitinda mwanangu," Mzee Wino akaita kutoka nje, furaha imemjaa mpaka kooni. "Mwenyekiti yuko hapa. Anauliza fundi wa jalada ni yupi kati yenu, ampe mkono. Na anauliza ndoa ni lini, viatu vya bwana arusi atashona yeye."

Kitinda akainuka, akamvutia Umeme kiti.

"Mjibu wewe," akasema. "Swali la kwanza, jibu lake unalo siku nyingi. La pili mwambie bibi arusi ana kichwa kigumu, na bado hajaelewa herufi ya kwanza."